Uchakachuaji Usiojulikana kwa Ulimi

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu dawa za mitishamba, lakini nitaanzia kwenye pamba, kwa sababu mkulima wa mkoa wetu wa Simiyu anao ujuzi wa uchakachuaji ambao hakuusomea darasani. Kila msimu wa kuuza unapofika, mzani wa chama cha msingi unasimama katikati ya watu wa aina mbili: aliyeleta pamba safi, akaitenga na fifi, yaani pamba chafu, akaikausha juani, na yule aliyenyunyizia maji usiku au kupenyeza mchanga ili kilo ziongezeke. Karani anayeijua kazi yake hahitaji mashine kubwa. Anatia mkono ndani ya mzigo, anasikia unyevu, anakung'uta kidogo na mchanga unadondoka. Mafuta nayo yana habari hiyohiyo. Neno kuchakachua lilienea nchi nzima watu walipoanza kulalamikia petroli na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Injini ikikohoa njiani, dereva anajua kaibiwa. Ndiyo maana mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, ili mkaguzi akichukua sampuli kituoni aweze kujua kama yameguswa.

Katika mifano hiyo miwili, kilichoongezwa kinaharibu. Mchanga hausokotwi nyuzi, na mafuta ya taa hayaendeshi gari vizuri. Kwa hiyo bidhaa yenyewe inamshtaki aliyeichezea: mkono unasikia, injini inalalamika, mnunuzi anarudi na hasira. Sasa tuihamishie habari hii kwenye chupa ya dawa ya mitishamba, tuone jinsi mambo yanavyopinduka. Anayechakachua dawa ya miti mara nyingi hatii mchanga. Anatia kidonge cha hospitali kilichosagwa. Na kidonge kile kinafanya kazi, tena haraka kuliko mti wenyewe. Mgonjwa anapata nafuu, anawasimulia majirani, na muuzaji anasifiwa kwa udanganyifu wake mwenyewe. Hoja yangu leo ni hii: katika dawa, uchakachuaji hujificha ndani ya nafuu. Ushuhuda wa mgonjwa kwamba imemsaidia, hata ukiwa wa kweli kabisa, hauwezi kutwambia ndani ya chupa mna nini. Anayeweza kutwambia ni mkemia, na mtu anayepaswa kuwa wa kwanza kumwita mkemia huyo ni mganga mwaminifu.

Jambo hili halikutokea nchi za mbali tu. Hapa Tanzania Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria namba 23 ya mwaka 2002, limewahi kuutahadharisha umma kwamba baadhi ya dawa za asili za nguvu za kiume zimekutwa na sildenafili, yaani dawa ileile iliyomo ndani ya kidonge cha Viagra. Huko duniani, wakaguzi wa nchi nyingi wamekuta mtindo wenye mpangilio unaofanana. Dawa ya miti ya maumivu ya viungo inakutwa na prednisoloni, deksamethasoni au diklofenaki. Ya kupunguza unene inakutwa na sibutramini, ambayo Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Ya kisukari inakutwa na glibenklamidi. Yatazame magonjwa hayo utaona mantiki ya mchakachuaji: anachagua pale ambapo mteja ana haraka, anaona haya, au amechoka kuugua muda mrefu, na pale ambapo kidonge cha kiwandani kinaonyesha matokeo ndani ya saa au siku chache. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnadani siku hizi methali hiyo inahitaji tahadhari, kwa maana kuna kibaya ambacho, kikishatiwa kidonge, nacho kinajiuza.

Kuna atakayeuliza: kama kinatibu, ubaya uko wapi? Si dawa ya hospitali hiyohiyo? Ubaya wa kwanza ni kwamba mgonjwa hajui anakunywa nini, kwa hiyo hawezi kujikinga wala kumweleza tabibu. Sildenafili ikikutana mwilini na dawa za naitreti wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Daktari anayeandika naitreti humuuliza mgonjwa kama anatumia Viagra. Mgonjwa anajibu hapana, na kwa ufahamu wake anasema kweli, kwani yeye anakunywa mizizi. Prednisoloni inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na aliyeitumia miezi mingi akiiacha ghafla anaweza kuanguka vibaya, kwa kuwa mwili umesahau kujitengenezea homoni zake. Ubaya wa pili ni kipimo. Kiwandani kila kidonge hupewa miligramu zilezile. Unga uliokorogwa kwa mwiko ndani ya beseni hauna nidhamu hiyo, kijiko cha leo kinaweza kuwa na kidogo na cha kesho kikawa na dozi ya watu watatu. Mwaka 2008 huko Singapore, kati ya Januari na Mei, watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali za umma sukari yao ikiwa imeshuka vibaya. Uchunguzi wa damu na mkojo ulikuta glibenklamidi kwa watu 127. Chanzo kilichobainika ni dawa haramu za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama za mitishamba, zilizokuwa zimeingiwa na dawa hiyo ya kisukari. Watu 7 walipoteza fahamu kwa muda mrefu, na 4 kati yao wakafariki. Walikwenda kutafuta nguvu, wakakutana na dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Sasa mkemia anawezaje kuona kile ambacho ulimi hauoni? Mtu wa wilaya ya Maswa, hapa Simiyu, anaweza kuielewa kazi hii kwa urahisi, kwa sababu wilaya hii inatengeneza chaki. Twanga majani mabichi, yaloweke kwenye spiriti mbali na moto, kisha simamisha kipande cha chaki ya ubaoni ndani ya kimiminika kile. Kimiminika kitapanda taratibu ndani ya chaki, na baada ya muda utaona kile ulichodhani ni kijani kimoja kinaanza kuachana: kijani kinashika mahali pake, njano inashika pake. Hiyo ndiyo kromatografia, na ilizaliwa kutokana na majani. Mwanabotania Mrusi Mikhail Tswett alijaza unga wa chaki kwenye bomba la kioo, akamimina kimiminika cha majani juu yake, akaona rangi zinajipanga kwa mikanda. Mwaka 1906 akaipa mbinu hiyo jina linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Maabara ya leo hutumia sahani yenye utando mwembamba wa silika badala ya kipande cha chaki. Tone la dawa inayotiliwa shaka linawekwa chini ya sahani, pembeni yake tone la mmea halisi, na pembeni tena tone la sildenafili safi. Vyote vinapanda pamoja, kisha sahani inatazamwa chini ya taa ya urujuanimno. Mmea halisi unaacha mpangilio wake wa madoa, kama alama ya kidole gumba. Kwenye mafuta tulilazimika kuweka vinasaba kwa mikono yetu. Mti umekuja navyo tangu shambani. Na kama kwenye safu ya dawa ya muuzaji kuna doa lililosimama kimo kilekile na lile la sildenafili, hapo shaka imepata miguu.

Nasema shaka, sijasema hukumu, kwa sababu vitu viwili tofauti vinaweza kupanda hadi kimo kimoja. Ndipo sampuli inapoingia kwenye mashine kubwa zaidi. Kromatografia ya kimiminika inasukuma dawa kwa shinikizo ndani ya bomba jembamba na kupima kila kitu kinatoka dakika ya ngapi na kwa wingi gani. Mwisho wa bomba hilo inaweza kufungwa spektromita ya tungamo, ambayo inapima uzito wa molekuli moja moja, kisha inazivunja na kupima vipande. Sildenafili ina uzito wa karibu 475 kwa vipimo vya wanakemia, na ikivunjwa kwa namna moja inatoa vipande vilevile, Dar es Salaam au Tokyo. Kimo kinaweza kufanana kwa bahati, na uzito pia unaweza kufanana. Lakini dakika ya kutoka, uzito na vipande vyote vikikubaliana na vya sampuli safi, mahakama ina ushahidi wa kutosha kuuegemea.

Hoja hii ina wapinzani, na baadhi yao wana sababu zinazostahili heshima. Wa kwanza watasema: wazee wetu walitibu miaka mingi bila maabara, bugota, yaani dawa ya Wasukuma, ilikuwapo kabla ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ni kweli. Lakini angalia bugota ile ilivyokuwa. Mfumu, yaani mganga, aliingia porini au kwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, akachimba mzizi mwenyewe, akaumenya, akauchemsha, akampa mtu anayemjua kwa jina na ukoo, na kesho yake akakutana naye kisimani. Hapo katikati hapakuwa na nafasi ya mchakachuaji kuingia. Leo unga umesagwa mji mmoja, umefungwa mji mwingine, umebandikwa lebo ya tatu, na unauzwa kwa kipaza sauti mnadani na mtu ambaye wiki ijayo atakuwa mkoa mwingine. Ile kinga ya kufahamiana imeondoka. Kilichobaki ni neno la muuzaji. Kwa hiyo kipimo cha kemia hakiji kushindana na mila. Kinakuja kujaza nafasi iliyoachwa wazi na kujuana kulikopotea, kama mzani ulivyokuja pamba ilipoanza kuuzwa kwa watu wa mbali.

Wa pili watasema: mkinipima mtaniibia siri. Hofu hii si ya kupuuza. Maarifa ya miti ni mali, na historia ya Afrika imejaa mali zilizoondoka bila mwenyewe kulipwa. Lakini tutofautishe maswali mawili. Swali la kwanza ni: dawa hii imetengenezwa kwa miti gani na kwa uwiano gani? Hilo linagusa siri. Swali la pili ni: je, ndani ya dawa hii mna sildenafili, deksamethasoni au glibenklamidi? Hilo halihitaji kuujua mti hata mmoja. Mkemia hamtafuti mwenyeji wa nyumba. Anamtafuta mgeni aliyeingia kupitia dirisha. Mganga anaweza kupimwa kwa swali la pili na siri yake ikabaki kifuani. Kinachotakiwa ni kanuni iliyo wazi kwamba sampuli iliyoletwa kwa swali la pili haitafanyiwa kazi ya swali la kwanza bila ridhaa yake. Kudai kanuni hiyo ni haki ya waganga. Kuikataa maabara yote kwa sababu ya siri ni kumpa mchakachuaji kivuli cha kujifichia nyuma ya mgongo wa mganga wa kweli.

Wa tatu wana hoja nzito zaidi: mimea yenyewe ni kemikali. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, artemisinini ikatoka kwenye majani. Mtajuaje kwamba mlichokikuta hakikuota humohumo? Kwa baadhi ya dawa jibu ni jepesi. Hakuna mmea unaojulikana kutengeneza sildenafili, na deksamethasoni ina atomu ya florini ambayo wanakemia waliipachika makusudi. Lakini Afrika imetupa somo linalotufundisha unyenyekevu. Mwaka 2013 watafiti waliripoti kwamba wameikuta tramadoli, dawa ya maumivu ya viwandani, ndani ya magome ya mizizi ya mti wa tiba huko Cameroon, Nauclea latifolia. Dunia ikashangaa: mti umemtangulia mwanadamu. Mwaka uliofuata kundi lingine la watafiti likaleta maelezo mengine. Kaskazini mwa Cameroon wakulima walikuwa wakimeza tramadoli na kuwapa ng'ombe wao ili wavumilie kazi na jua. Dawa ikatoka kwa mkojo, ikaingia ardhini na majini, mizizi ikaifyonza. Mabishano yakafikishwa hadi kwenye kaboni yenyewe. Mti unaoishi hubeba kaboni 14 inayotoka hewani. Kitu kilichotengenezwa kwa mafuta ya petroli hakina, kwa sababu mafuta hayo yana umri wa mamilioni ya miaka na kaboni hiyo imekwisha kuisha. Vipimo vya namna hiyo viliunga mkono maelezo ya kiwandani. Mkoa kama Simiyu, wenye ng'ombe wengi na mashamba ya pamba yanayopuliziwa dawa za wadudu unapaswa kuisikiliza habari hiyo kwa makini. Inaonyesha kwamba mganga anaweza kuwa na kitu kigeni ndani ya dawa yake bila kosa lolote la kwake, na kwamba kemia inaweza kumtetea kama inavyoweza kumshtaki.

Wa nne watauliza gharama na umbali: kijiji cha Simiyu na spektromita wapi na wapi? Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza kila chupa ipelekwe kwenye mashine ya mamilioni. Kazi hupangwa kwa ngazi. Kwanza jicho, pua na hadubini, ambayo inaweza kuona punje za kidonge zisizofanana na unga wa gome. Kisha sahani nyembamba, ambayo haihitaji jengo kubwa. Sanduku la Minilab lililobuniwa Ujerumani limebeba kanuni hiyohiyo, na mamlaka ya dawa ya Tanzania imelitumia miaka mingi kukagua dawa za hospitali nje ya makao yake makuu. Ni zile tu zinazotiliwa shaka ndizo zinazopanda ngazi kwenda kwenye mashine kubwa, na kwa watu wa Simiyu safari hiyo si lazima ifike Dar es Salaam, kwa kuwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Tena hupimwa toleo, yaani beseni zima lililokorogwa siku moja, halipimwi kopo moja moja. Waganga wa tarafa moja wakichangia kupima matoleo yao, gharama ya kila mmoja inashuka, kama wakulima wanavyochangia lori la kubeba pamba.

Nisiwaache, hata hivyo, na picha ya maabara isiyokosea. Maabara inakuta inachokitafuta. Wachakachuaji walipojua kwamba sildenafili inatafutwa, wengine walianza kutumia ndugu zake, molekuli zilizobadilishwa kipande kidogo. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wanakemia wamekuwa wakizikuta kwenye bidhaa zinazoitwa za asili, na kazi yao imekuwa mbio za kukimbizana. Pia dawa isiyo na kidonge ndani yake bado inaweza kuua. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mti wa Kichina uliokosewa: badala ya Stephania tetrandra ulitiwa Aristolochia fangchi, mimea ambayo majina yake ya Kichina yanakaribiana. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hapo kilichoharibu figo hakikuwa kemikali ya kiwandani. Kilikuwa mti mmoja mahali pa mwingine. Kwa hiyo karatasi inayosema hakuna kidonge ndani haisemi kwamba dawa inatibu, wala kwamba mti wenyewe ni salama. Inajibu swali moja tu, na tusiilazimishe kujibu mengine. Lakini swali hilo moja ndilo la kwanza, kwa sababu bila jibu lake hayo mengine hayaulizwi sawasawa. Utawezaje kusema mti fulani unatibu viungo, kama hujui aliyetibu ni mti au ni prednisoloni?

Hapo ndipo ninaporudi kwa mganga mwaminifu. Tumwazie mtu wa namna hiyo, ambaye dawa yake inafanya kazi polepole, anamwambia mgonjwa asubiri wiki tatu, na anakiri pale asipoweza. Jirani yake ana unga wenye kidonge, unaofanya kazi usiku uleule. Ushuhuda wa wateja ukiwa ndiyo hakimu, mwaminifu atashindwa kila siku, na mwisho wake atafunga kazi au naye atanunua vidonge. Miti atakayoacha kuichimba itasahaulika, na maarifa yake yatazikwa naye, huku watu wakiamini kwamba tiba ya asili inastawi kwa kuwa unga unanunuliwa. Uchakachuaji ukiachwa hivyo unaua tiba ya asili kwa kutumia jina lake. Ndiyo maana nasema waganga wasingoje kuburutwa maabara, waitangulie. Waseme kwenye vikao vyao na kwa Baraza: toleo letu lipimwe, jibu libandikwe.

Na wewe msikilizaji unayenunua, una mkono wa kutia ndani ya mzigo, japo mkono huo ni maswali. Uliza dawa imesajiliwa na Baraza au la, na namba yake ni ipi. Uliza imetengenezwa wapi, lini, toleo gani. Ukiwa unatumia dawa za moyo, presha au kisukari, mwambie tabibu wako kila unga unaokunywa, na mpelekee kopo lenyewe alione. Na dawa inayoitwa ya miti ikikuondolea usiku mmoja maumivu ya miaka kumi, usikimbilie kuisifu mnadani. Karani wa pamba akikuta mzigo mdogo una uzito wa kustaajabisha, hampongezi mkulima. Anatia mkono ndani kwanza.